Mwenzetu amekuja: jinsi ya kuandaa washauri rika kwa walioumia uti wa mgongo

Aliyeanguka mnazi wiki tatu zilizopita amelala chali wodini, macho darini. Daktari amempitia, muuguzi amemgeuza, shehe amemsomea dua, shangazi ameleta uji. Wote waliingia kwa miguu yao. Kisha anaingia mtu kwa kiti mwendo, anafunga breki kando ya kitanda, anatoa salamu. Mgonjwa anageuza shingo, anamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, halafu anauliza, "Na wewe ulianguka?"

Mtu huyo ndiye tunayemwita mshauri rika kwenye makaratasi. Wagonjwa wenyewe humwita "mwenzetu". Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuwaandaa watu hao: muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, chama cha watu wenye ulemavu, au kikundi cha watumiaji wa viti kama chetu. Mimi niko kwenye kiti mwaka wa 11 sasa, na nimeshiriki kuandaa makundi kadhaa. Mengi ya hapa tuliyajua baada ya kukosea.

Kwanza ujue unapambana na nini. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya 2013 kwamba mtu aliyeumia uti wa mgongo ana uwezekano wa kufa mapema mara 2 hadi 5 zaidi ya asiyeumia, na hali ni mbaya zaidi katika nchi zenye kipato cha chini. Wengi wanaokufa hawauawi na mgongo wenyewe. Wanauawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo, yale yale yaliyokuwa yakiua Uingereza kabla Ludwig Guttmann hajafungua wodi yake Stoke Mandeville mwaka 1944. Kidonda kinazuilika, na anayeweza kukufundisha kukizuia kwenye kitanda cha kamba na godoro la sponji lililobonyea ni yule anayelala hapo.

1. Anza na wodi, washauri baadaye

Usikusanye watu kabla ya kukubaliana na hospitali. Kaa na muuguzi msimamizi wa wodi na mtu wa mazoezi, muandikiane mambo machache: mshauri anaingia siku zipi, nani anamwonyesha mgonjwa wa kumtembelea, nani anaitwa mshauri akiona hatari, na mgonjwa anaulizwaje kama anataka mgeni. Hilo la mwisho halina mjadala. Mgonjwa akikataa leo, mshauri anarudi wiki ijayo au harudi kabisa.

Wafanyakazi wengine watakuwa na wasiwasi kwamba mnakuja kuwakagua. Waambieni mapema kwamba mshauri hatoi dawa, hafungui kidonda, hasomi faili. Sisi tulipuuza hatua hii katika hospitali moja, na kwa miezi miwili washauri wetu walikuwa wakiishia getini.

2. Chagua mtu kwa masikio yake

Kosa linalojirudia ni kumchagua aliyepona. Kuna aliyeumia mgongo, akapata nafuu, sasa anatembea kwa fimbo moja, na kila mtu anamtaka aje kuwapa moyo wagonjwa. Ana sifa zake, lakini kwa ambaye hatatembea tena, ziara hiyo ni kumwonyesha chakula asichoweza kula. Mwache akutane na wenye jeraha kama lake.

Tafuta mtu ambaye:

- ameishi na jeraha walau miaka 2, amepita misimu yote ya hasira, aibu na kuchoka;
- hana kidonda kilicho wazi kwa sasa, na anajua kujitunza, au kama mikono yake haina nguvu, anajua kumwelekeza mwingine namna ya kumtunza;
- ana shughuli inayomtoa nyumbani, hata kama ni genge la nyanya;
- anaweza kunyamaza.

Hii ya nne ndiyo ngumu. Kwenye usaili mwambie asimulie ajali yake kwa dakika tano. Kisha mkalishe na mwombaji mwingine asikilize kisa chake kwa dakika tano, halafu arudie alichosikia. Kuna wasimuliaji hodari wa visa vyao ambao hawakumbuki hata kama mwenzao alianguka mwembe au aligongwa na bodaboda. Hao wanafaa kwenye redio.

Changanya kundi. Weka wanawake walau nusu, kwa sababu hakuna mwanamke atakayemuuliza kijana wa kiume namna ya kujisitiri siku za hedhi akiwa kwenye kiti. Weka walau mmoja aliyeumia shingo. Weka na mtu mzima: mzee wa miaka 60 hatafundishwa kutoa mkojo na kijana wa umri wa mjukuu wake, hata kijana huyo aamkie shikamoo mara ngapi. Watu 6 hadi 8 wanatosha kwa awamu moja.

3. Mahali na siku

Kabla ya kukodi ukumbi, nenda na mtu wa kiti na futi kamba. Mlango wa choo uwe na upana wa sentimita 80 au zaidi. Mwinuko wa rampu uwe wa moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita 10 za kupanda zinahitaji sentimita 120 za urefu. Ukiambiwa "vijana watawabeba tu", tafuta ukumbi mwingine.

Siku tano zinatosha kwa mafunzo ya darasani, kuanzia saa tatu asubuhi na siyo saa mbili, kwa sababu kujiandaa asubuhi kwa mtu wa kiti kunaweza kula saa mbili nzima. Kila nusu saa simamisha somo watu waegemee mbele kupumzisha makalio. Lipa nauli ya kwenda na kurudi, ya msindikizaji pia. Bajaji ndiyo inayowafaa wengi, maana kiti chake kiko chini na mtu anahama mwenyewe, lakini kwa kukodi si bei ya daladala. Kazi yenyewe ikianza, lipa posho. Kumwita mtu kila wiki kwa "moyo wa kujitolea" wakati kila mwingine ndani ya jengo lile analipwa ni kumdhalilisha.

4. Mwili: wajue nini, na waseme nini

Kila mshauri anajua mwili wake. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mwili wa mwenzake si wake. Siku ya kwanza tumia picha ya uti wa mgongo: pingili 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno. Kadiri jeraha lilivyo juu, ndivyo sehemu kubwa ya mwili inavyoguswa. Aliyeumia kiuno ana nguvu za mikono na tumbo. Aliyeumia shingo anaweza kukosa hata nguvu ya vidole. Ukishaeleza hilo, mshauri ataacha kusema "mbona mimi niliweza".

Ngozi. Kitandani, hasa miezi ya mwanzo, kugeuzwa kila saa 2, mchana na usiku. Kwenye kiti, kuegemea mbele au pembeni kila nusu saa kwa dakika kama 2. Kujiinua kwa mikono kwa sekunde chache hakutoshi, damu haiwahi kurudi vizuri. Kukagua makalio, kiuno kwa chini, visigino na vifundo kila asubuhi na jioni kwa kioo kidogo, au kwa simu. Wekundu au weusi usioondoka ukiubonyeza ni amri ya kutokalia sehemu hiyo mpaka upotee. Na kiti kisicho na mto wa kukalia hakijakamilika, hata kama kimekabidhiwa kwa sherehe na picha.

Moto. Wageni wa mada hii hulisahau hili. Mguu usiohisi unaungua bila mwenye nao kujua: chai kwenye mapaja, jiko la mkaa karibu na unyayo, ekzosi ya bodaboda. Na kuna ndugu anayekanda miguu kwa maji ya moto kila jioni ili "mishipa ifunguke". Anafanya kwa mapenzi. Mshauri asimkaripie; amwambie apime maji kwa kiwiko chake mwenyewe, na amwonyeshe mazoezi ya kukunja na kunyoosha viungo taratibu ili mikono ile ipate kazi ya maana.

Mkojo. Wengi hutoka hospitali na mpira wa mkojo wa kudumu bila kujua kwamba kuna njia nyingine: kuingiza mpira safi kila baada ya saa 4 hadi 6, kutoa mkojo na kuutoa mpira. Kibofu kisizidi nusu lita. Mshauri aeleze anavyofanya yeye na amuelekeze mwenzake kwa muuguzi; asimwingizie mtu mpira. Wajue dalili za maambukizi kwa mtu asiyehisi: homa na kutetemeka, mkojo mzito wenye harufu kali, miguu kuruka kuliko kawaida.

Haja kubwa. Saa ile ile, kila siku au siku moja baada ya nyingine, nusu saa baada ya chakula au chai ya moto, maana tumbo huamka baada ya kula. Nimeona watu wazima wakifunga kula siku nzima ili wasijichafue kwenye msiba. Ratiba ndiyo inayowarudisha misibani.

Presha ya ghafla. Hii waikariri. Aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu anaweza kupandwa na presha kwa ghafla: kichwa kinagonga, jasho na wekundu usoni, ubaridi na vinyweleo kusimama chini ya jeraha. Chanzo mara nyingi ni kibofu kilichojaa au mpira uliojikunja. Pengine ni choo kigumu, kidonda au mkanda uliobana. Mkalishe wima, miguu chini, usimlaze. Legeza nguo, nyoosha mpira, ita muuguzi mara moja. Mwambie muuguzi kwamba presha ya kawaida ya mtu huyu huwa chini, pengine 90 au 100 kwa namba ya juu, hivyo 140 kwake si "ya kawaida kidogo".

Unyumba na uzazi. Panga kikao cha wanawake peke yao na cha wanaume peke yao. Wanawake wajue kwamba hedhi inaweza kusimama miezi michache baada ya ajali, kisha ikarudi, na mimba inaweza kuingia kama kawaida. Wanaume wajue kwamba tendo hubadilika lakini lipo, na kwamba wapo waliopata watoto, wengine kwa msaada wa kitaalamu. Mgonjwa hataanzisha mazungumzo haya. Atauliza kwa kuzunguka: "Na shemeji yupo?" Mshauri aielewe lugha hiyo.

5. "Nitatembea?"

Tenga siku nzima kwa swali hili. Litaulizwa katika kila ziara ya kwanza.

Wagawe wawili wawili, mmoja alale juu ya meza au benchi, mwingine aje kumtembelea. Aliyelala aulize: "Kaka, wewe uliambiwa utatembea?" Acha wajibu kwa akili zao, usiingilie. Utasikia "Mungu ni mwema, usijali", utasikia "sahau kutembea, zoea kiti", na utasikia mtu akianza kusimulia habari za duka lake na watoto wake watatu. Nilimwona mgonjwa akigeukia ukutani katikati ya habari za duka.

Kisha wafanye upya, kwa mwelekeo kama huu:

"Swali hilo na mimi nililiuliza kila kukicha. La mwili wako analijua daktari, na ukitaka tumuulize pamoja kesho. Mimi naweza kukwambia nilivyoishi tangu siku ile, ukinitaka nikwambie. Hebu nieleze kwanza, wao wamekwambia nini?"

Hapo anyamaze. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Washauri wapya wanashindwa kufika nne.

Jambo la tiba za asili na maombi linaingia hapa hapa. Familia nyingi zitapita kwa mganga kabla au baada ya hospitali, na mshauri akianza kugombana nao atafungiwa mlango. Yeye asimamie mambo mawili tu: ngozi isiyohisi isichanjwe wala isichomwe, na kugeuzwa kusisimame hata siku moja kwa sababu ya safari ya kwenda kwenye tiba hiyo. Nje ya hapo, imani ya mtu ni yake.

6. Aonekane akifanya

Mafunzo ya vitendo yasiwe mapambo. Uswidi wameendesha kwa miaka mingi, tangu 1976, kambi ambazo walimu wake wenyewe wako kwenye viti, na siri yao haina uchawi: mgeni anamwona mwenzake akihama, anajaribu, anaanguka, anajaribu tena. Kila mshauri aweze kuonyesha, au kuelekeza kwa maneno kama mikono yake haiwezi: kuhama kitanda kwenda kiti, kuvaa suruali akiwa amelala, kunyanyua magurudumu ya mbele kuvuka mfereji, kupita mchangani kwa kurudi kinyumenyume, kurudi kitini akianguka. Na choo cha shimo: kiti cha mbao au plastiki kilichotobolewa katikati, fundi wa mtaani hukitengeneza kwa nusu siku.

Siku ya nne tunatoka kwenda sokoni. Hapo ndipo wanapokumbuka namna watu wanavyowatupia sarafu mapajani bila kuombwa. Wanarudi wakicheka, wengine wakiwa kimya. Zungumzeni kabla ya kulala.

7. Mipaka, kwa maneno machache

Mshauri hatabiri, hatoi dawa, hakopeshi wala hakopi, hapigi picha ya kidonda na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Anaweka siri, isipokuwa moja, na aiseme siku ya kwanza: "Ukiniambia jambo linalohatarisha uhai wako, nitamwambia muuguzi."

Mgonjwa akisema "bora ningekufa pale pale", jibu si "usikufuru". Amuulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Akikubali, asimwache peke yake mpaka muuguzi afike. Fanyeni igizo la hili mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza watu hucheka kwa woga.

8. Ziara za mwanzo, halafu nyumbani

Baada ya darasa, kila mshauri afanye ziara nne akiwa na mzoefu anayekaa pembeni bila kusema. Ziara isizidi dakika 40. Daftari liwe na mistari mitano: tarehe, alichouliza mgonjwa, alichoonyeshwa, nani ameambiwa, lini tena.

Wodini humkuti mgonjwa peke yake. Kuna mama aliyelala sakafuni mwezi mzima, anayemlisha, anayemfuta, anayejibu badala yake. Mshauri amwamkie yeye kwanza, amsifu kwa kazi, kisha amuombe kidogo kidogo: "Mama, kijiko hicho tumwachie mwenyewe leo tuone." Mama huyo akikuelewa, umeokoa miaka. Tunapata mafanikio makubwa tukiwa na ndugu wa mshauri kando, mke au dada, aongee na ndugu wa mgonjwa mambo ya usingizi, pesa na kuchoka.

Hatari kubwa inakuja siku ya kuruhusiwa. Mtu ametibiwa taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, au hospitali ya KCMC Moshi, na kwao ni Kigoma vijijini. Kabla hajaondoka, mshauri apate picha za nyumba kwa simu: mlango, choo, kitanda, njia ya kutoka barabarani. Wiki ya kwanza apige simu mara tatu, na aulize swali moja kwa jina lake: "Leo nani amekukagua makalio?" Wiki ya sita, kama nauli ipo, mtu aende.

Tanzania Bara, amwelekeze pia ofisi ya maendeleo ya jamii. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Kenya, aanze na kujisajili kwenye Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu.

9. Nani anamkagua mkaguzi?

Katika kundi letu la kwanza kulikuwa na dada hodari kuliko wote. Alitembelea wagonjwa watano kwa wiki, akikaa kwenye bajaji na daladala saa nyingi, akifundisha watu kuegemea mbele. Mwezi wa tatu tuligundua ana kidonda kwenye kalio, cha kina, na alikuwa amekificha kwa aibu: atasemaje, yeye mwalimu? Alilala kifudifudi karibu miezi minne.

Tangu hapo, ziara ni mbili kwa wiki, basi. Kila mwezi washauri wanakutana nusu siku, na swali la kwanza kabla ya taarifa yoyote ni la ngozi, linaanza na kiongozi wa kikao, naye anajibu mbele ya wote. La pili ni usingizi. Mshauri aliyefiwa na mgonjwa wake hapangiwi mgonjwa mwingine mpaka aseme mwenyewe yuko tayari, na akitaka kupumzika mwaka mzima, posho ya mwezi ule wa mwisho analipwa na kioo chake anabaki nacho.